Tuma linki, usitume faili

Ukitaka kujua kama kikundi kimejipanga, usiwaulize viongozi wake. Mwombe katibu simu yake utazame majina ya mafaili. "Katiba mpya." "Katiba mpya kabisa." "Katiba ya mwisho." "Katiba ya mwisho 2." "Hii ndiyo yenyewe." Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupokea mafaili ya namna hiyo kutoka WhatsApp za watu, kuyafungua, kisha kuuliza swali ambalo wateja wangu wameshalizoea: "Haya, tunachapa ipi?"

Mara nyingi hakuna anayejua. Mwenyekiti karekebisha ya kwake akiwa Pongwe, katibu karekebisha ya kwake akiwa Makorora, mweka hazina hajafungua yoyote kwa sababu simu imejaa. Ukizisoma zote, kila moja ina jambo la maana ambalo zenzake hazina. Wanataka nikae nizioanishe, na huku nyuma yao kuna mwanafunzi anataka kopi ya cheti na mama anataka picha za pasipoti.

Wengi wa wanaonijia na hati hizi ni vikundi vinavyofuatilia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaombwa katiba, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na andiko la mradi. Karatasi si nyingi, ila kila moja inapita mikononi mwa watu kadhaa kabla haijakubalika, na hapo ndipo nakala zinapozaana.

Hati ya mtandaoni, iwe ya Google Docs au Word ya kwenye OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, ina makao mamoja. Unachowatumia wenzako ni linki ya kufika pale ilipo. Mwenyekiti akibadilisha kifungu saa mbili usiku, katibu akifungua dakika moja baadaye anakikuta kimeshabadilika. Hakuna cha kubofya ili kuhifadhi, inajihifadhi yenyewe unavyoandika, na ilimradi mtandao ulikuwepo, umeme ukikatika katikati ya sentensi ukarudi, sentensi yako unaikuta ilipoishia. Kwa mtu aliyewahi kupoteza andiko zima la mradi kwa sababu ya flashi yenye virusi, hilo peke yake linatosha kumfanya ahamie huko.

Lakini maelezo hayo hayamwingii mtu haraka. Mfano unaoeleweka upesi kuliko yote ni kamati ya harusi.

Kila mtu hapa mjini ameshaiona ile orodha ya michango kwenye grupu. Jina, ahadi, kiasi kilicholipwa, alama ya vema. Anayelipa ananakili orodha nzima, anaongeza mstari wake, anabandika chini. Sasa mtu mmoja ananakili orodha yenye majina 38 na kuongeza la 39. Mwingine, ambaye hajashusha chini kuona ujumbe mpya, ananakili ile ile ya 38 na kuongeza la kwake. Kuanzia hapo kuna orodha mbili, na kila anayefuata anachukua iliyo karibu na kidole chake. Baada ya wiki, shangazi aliyetoa laki moja anajikuta hayumo. Na shangazi wa Tanga akijikuta hayumo kwenye orodha ya mchango wa harusi ya mtoto wa kaka yake, haulizi pembeni. Anatuma sauti ya dakika tatu kwenye grupu.

Jedwali moja la Google Sheets linamaliza mambo hayo yote. Kila mwanafamilia ana linki ya kutazama, na anayeandika ni mweka hazina na msaidizi wake tu. Google wanaruhusu hadi watu 100 kuhariri faili moja kwa wakati mmoja, nami nakushauri usijaribu. Kwa kamati ya harusi waandikaji wawili wanatosha, na wakiwa watatu mmoja wao atakuwa mjomba anayependa kupanga upya majina kwa ukubwa wa ukoo.

Ila jedwali nalo lina mitego yake, na mingi inatokana na mazoea yetu ya kuandika. Kamati moja ilinijia na uso umewashuka. Fedha iliyopo kwenye simu ya mweka hazina ilikuwa nyingi kuliko jumla ya kwenye jedwali. Utasema hiyo ni neema, lakini kwa mweka hazina fedha iliyozidi bila maelezo inatisha kama iliyopungua, maana maswali ni yale yale. Nikafungua jedwali kwenye kompyuta ya kaunta. Safu ya malipo ilikuwa haijanyooka: tarakimu nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Nikawaonyesha kwa kidole. Zilizoegemea kulia ziliandikwa 50000 au 50,000. Zilizoegemea kushoto ziliandikwa 50,000/=, kama tunavyoandika kwenye risiti tangu shuleni.

Programu ikiona ile "/=" inahesabu kuwa hayo ni maneno, haijali kwamba ndani yake kuna namba. Nayo kanuni ya SUM, ile ya kujumlisha, inaruka maneno bila kukwambia. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo, jumla inatoka safi kabisa na ni ya uongo. Nilitafuta "/=" kwenye safu nzima nikabadilisha kwa kuacha wazi, namba zote zikahamia kulia, jumla ikapanda pale pale ikalingana na simu. Mweka hazina akakaa kwenye kiti cha wateja, akafuta jasho kwa ushungi, akasema, "Dada, mimi usiku nilikuwa nimeshaanza kuwaza nimemkata nani." Tangu hapo kila jedwali ninalomtengenezea mtu, kwenye kichwa cha safu naandika "Shilingi", na mwandikaji anaweka tarakimu tupu. Hakuna "/=", hakuna "laki", hakuna "50k".

Ukishapata jicho la kutazama namba imeegemea wapi, utagundua mengi mengine. Namba ya simu inayoanza na 0712 ukiiandika hivi hivi, sifuri ya mwanzo inapotea, kwa sababu kwenye hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Ya NIDA ni mbaya zaidi. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na jedwali linashika tarakimu 15 tu za namba moja. Ukiiandika mfululizo bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri, na kwenye kisanduku unaona kitu kama 1.98E+19. Watu wakiona hivyo wanadhani safu ni nyembamba, wanaipanua, wanapata namba ndefu iliyoishia na sifuri, wanaridhika. Kikundi kinapeleka orodha ya wanachama ambao wote wanaishia na sifuri tano. Dawa ni kuchagua safu nzima kabla hujaandika, uingie kwenye muundo wa namba, uchague maandishi matupu. Ukifanya hivyo baada ya kuandika, zile tarakimu hazirudi tena, inabidi umpigie kila mwanachama akusomee upya kitambulisho chake. Au ziandike na vistari vyake kama zilivyo kwenye kadi, hapo pia zinapona.

Tarehe zina mgogoro wao. Kama jedwali limewekwa kwa mpangilio wa Marekani, 03/04 linaisoma kuwa Machi 4, na 13/04 haliitambui kabisa, linaiacha kama maneno. Kwenye mipangilio ya faili kuna pa kuchagua nchi. Mimi huweka Uingereza, kwa kuwa nao huanza na siku kama sisi. Sehemu za jumla nazifunga ili asiyehusika asiziguse, na hali ya malipo naiweka kwenye orodha ya kuchagua: ameahidi, amelipa nusu, amemaliza. Mtu akiachiwa aandike mwenyewe utakuta "amelipa", "kalipa", "ameshalipa", "done", na hutaweza kuchuja chochote.

Sasa kuhusu nani aone nini.

Njia nzuri ni kumpa mtu ruhusa kwa baruapepe yake. Kwenye maisha yetu hapa njia hiyo inakwama mapema. Wengi wana akaunti ya Gmail kwa sababu simu ya Android iliwadai wakati wa kuiwasha, na aliyeifungua ni kijana aliyewauzia simu. Hawajui anuani yao wenyewe, sembuse nywila. Ukiwatumia faili kwa ruhusa ya baruapepe wanakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, wanabofya, ombi linakwenda kwa katibu aliyelala, na kesho yake wanasema "hii kitu yako haifunguki, nitumie ile faili tu". Tukarudi kule kule kwenye nakala.

Kwa hiyo ninavyofanya ni hivi. Wale wachache wanaoandika nakaa nao, natafuta baruapepe zao kwenye mipangilio ya simu, nawapa ruhusa ya kuhariri kwa majina yao. Waliobaki wanapata linki ya "yeyote mwenye linki", ya kutazama tu, inafunguka hata kwenye kivinjari cha simu bila kupakua programu. Usimpe kila mtu linki ya kuhariri kwa kuogopa lawama. Mtu asiyeingia kwa akaunti yake akihariri, mfumo unamwandika kuwa ni asiyejulikana, na siku kisanduku kikifutika utabaki unatazamana na wasiojulikana.

Na kuna vitu havitakiwi kuwa na linki ya wazi hata ya kutazama. Orodha ya wanachama yenye namba za NIDA, simu na mahali wanapokaa ni taarifa za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kikundi cha akina mama wauza samaki hakitajiona kinahusika na sheria yenye jina refu namna hiyo, lakini linki ikitumwa grupu moja kwenda jingine haina mwenyewe tena, na matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wanapenda sana orodha yenye majina kamili na simu pembeni. Mimi huzigawa faili mbili: moja ya michango au hisa yenye majina tu, inayoonekana na wote, nyingine yenye vitambulisho, inayofunguliwa na katibu na mwenyekiti peke yao.

Jambo ambalo sikulikuta kwenye mafunzo yoyote ni la adabu.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya msikiti wa mtaani kwao. Aliandika barua ya kuomba msaada wa kukarabati paa, akaiandika vizuri kwa Kiswahili chake kilichonyooka, akampa kijana wake katibu linki apitie. Kijana akawasha ile hali ya kupendekeza, akaanza kukata. Kesho yake mzee alifika dukani mapema, nilikuwa bado natoa vumbi kwenye mashine.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hapa. Huyu kijana kanipiga mistari mbele za watu?"

Nikatazama. Aya ya kwanza yote ina mstari katikati ya maneno, pembeni maneno mapya yana rangi, na juu yake jina la kijana. Nikamweleza kwamba hakuna kilichofutwa. Mapendekezo yanabaki mapendekezo mpaka mwenye ruhusa ayakubali, na akiyakataa maneno yanarudi kama yalivyokuwa. Nikabofya moja kumwonyesha, ikakubalika, nikairudisha. Akaelewa upesi kuliko vijana wengi. Kisha akasema, "Basi na iwe haijafutwa. Lakini wajumbe wote wameiona barua yangu ina mistari kama insha ya darasa la tano."

Hapo alikuwa na haki. Programu hizi zimetengenezwa kwa dhana kwamba kila aliyemo ni sawa na mwenzake, na kwamba kukosoana hadharani ni kazi tu. Kwetu, kijana kumkata mzee maneno yake mbele ya kamati ni jambo, hata kama maneno yenyewe yanastahili kukatwa. Nikampigia yule kijana nikamwambia afanye mambo mawili. Kwanza, kabla ya kugusa hati ya mkubwa ampigie simu amweleze anachokiona. Pili, aache kukata, aweke maoni pembeni kwa njia ya swali: "Shikamoo mwalimu, hapa kwenye gharama, tuweke na idadi ya mabati?" Mzee anasoma, anarekebisha mwenyewe kwa mkono wake, anabofya kwamba limetatuliwa. Kazi ni ile ile, barua inatoka nzuri vile vile. Baadaye niliona mzee naye ameanza kuacha maoni pembeni kwenye mihutasari ya kijana, na ya kwake yalikuwa makali, lakini yeye ana ruhusa hiyo, si ya Google.

Wazee wengine wanaona tabu kuandika kwa kidole kwenye kioo. Kibodi ya Google kwenye simu za Android ina alama ya maiki, ukichagua Kiswahili unaongea inaandika. Haijui koma wala nukta, na majina ya watu inayabuni, lakini rasimu inapatikana.

Historia ya matoleo ni ya kujua kabla hujaihitaji. Kwenye kompyuta iko kwenye menyu ya faili, inakuonyesha hati ilivyokuwa jana, juzi na wiki iliyopita, nani kaongeza nini kwa rangi yake, na unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Kwenye jedwali, ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kisanduku kimoja unaona kisanduku hicho tu kimepitia mikono ya nani. Toleo lolote unaweza kulipa jina. Baada ya mkutano mkuu naandika "Ilivyopitishwa na wanachama", basi hata watu wakiendelea kuchezea hati, ile iliyopigiwa kura haipotei. Wenye ruhusa ya kutazama tu hawaioni historia, na ni vizuri iwe hivyo.

Nimewaona watu wakiitumia historia kama polisi. Mstari wa mwanachama mmoja ulipotea kwenye jedwali la hisa, grupu likachafuka, mtu akasema "tufungue tuone nani mwizi". Tulifungua. Ulifutwa saa sita usiku na mweka hazina mwenyewe, kwa kidole gumba, alipokuwa anasogeza jedwali kwenye simu huku usingizi umemkamata. Nikarudisha mstari. Aliyekuwa anataka kukamata mwizi akapungua sauti. Sasa nawaambia: rudisha kwanza kilichopotea, ongea na mhusika faragha, na kwenye grupu sema tu kwamba kimerudi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni "na mtandao ukikata?" Ni swali la haki. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na mtandao ukadorora Tanzania na kwa majirani zetu. Siku hizo nilitoa kopi tu. Waliokuwa wameandaa faili zao mapema waliendelea kuandika kama kawaida. Kwenye simu, bofya vidoti vitatu pembeni ya faili, uchague ipatikane nje ya mtandao. Kwenye kompyuta inawezekana kwa vivinjari vya Chrome au Edge, unawasha kwenye mipangilio ya Google Drive, pale faili zako zinapokaa, na ni lazima uwashe wakati mtandao upo. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanaikumbuka siku ambayo umeshakatika. Usiwashe kwenye kompyuta ya duka au ya ofisi ya watu, maana inaacha nakala humo ndani. Na kama wawili mnaandika nje ya mtandao kwa wakati mmoja, gawaneni mistari kabisa, kwa sababu mtandao ukirudi maandishi yenu yataungana na mkiwa mmegusa kisanduku kimoja, mmoja wenu kazi yake itafunikwa.

Vikao vya mtandaoni nitavigusa kidogo. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, Google Meet ya bure inakata baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Watu wanalalamika, mimi naona ni baraka. Kikao cha harusi kisipokatwa na mtambo kitakatwa na adhana ya alfajiri. Zimeni kamera, video ndiyo inayomaliza bando. Kubwa la kuangalia ni saa. Familia nyingi za hapa zina ndugu Muscat, na Oman wako saa moja mbele yetu. Ukiweka kikao kwenye kalenda ya mtandaoni kila mmoja anakiona kwa saa ya kwake, hakuna kujumlisha wala kutoa. Ila kalenda haijui saa zetu za Kiswahili. Kuna binti alikusudia saa mbili usiku akaandika 2:00, na baba mdogo kule Muscat simu ikamwamsha saa tisa usiku kwa ajili ya kujadili rangi ya vitambaa vya ukumbini. Saa mbili usiku ni 20:00. Andika hivyo, na kwenye maelezo ya kikao andika kwa maneno "saa mbili usiku kwa saa za Tanga".

Nafasi nayo. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na hizo zinagawanywa na baruapepe, faili na picha kwa pamoja. Simu ikiwa inapeleka picha zote huko, sherehe mbili tatu zinaijaza, na ikijaa hata baruapepe haziingii. Akaunti ya kikundi isiwekwe kwenye simu ya mtu ikaachwa inahifadhi picha zake.

Hapo nimefika kwenye akaunti ya kikundi, na hili ndilo ninalolisisitiza kwa sauti kwenye kaunta. Vikundi vingi huanza hivi: kuna kijana mmoja anayejua kompyuta, anafungua kila kitu kwa Gmail yake. Kila mtu anafurahi. Kisha kijana anapata kazi Dodoma. Hana ubaya wowote, ila ana maisha mapya, amebadilisha laini, simu ya zamani kauza. Kikundi kinakuja kwangu kinataka kurekebisha katiba, na mwenye hati ni mtu ambaye hapokei simu. Wanachoweza ni kutengeneza nakala na kuanza upya bila historia yao. Na akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, ndivyo ilivyo sera yao tangu mwishoni mwa 2023.

Kwa hiyo kabla ya hati ya kwanza, nafungua akaunti ya kikundi chenyewe. Namba ya simu ya kurejesha inakuwa ya mwenyekiti, baruapepe ya kurejesha ya katibu, na nywila inaandikwa kwenye karatasi, inatiwa bahasha, inakaa na mweka hazina pamoja na kitabu cha benki. Wataalamu watakunja uso kusikia karatasi. Wao hawajawahi kuketi na watu wazima wanne kila mmoja anaapa kwamba nywila ilianza na herufi kubwa. Kila mtu anaendelea kuandika kwa akaunti yake mwenyewe, ili historia imtambue. Ya kikundi ni ya kumiliki tu.

Na kwenye kompyuta yangu naifungua kwenye dirisha la faragha, ambalo nikilifunga linasahau kila kitu. Karibu kila jioni nikipita kwenye mashine za wateja nakuta akaunti ya mtu iko wazi, barua zake zote mbele yangu. Ukikumbuka ukiwa umeshafika nyumbani kwamba hukutoka, ingia kwenye mipangilio ya akaunti kwa simu yako, sehemu ya vifaa, uiondoe kompyuta ya steshenari ukiwa huko huko.

Uongozi ukibadilika, wa zamani na wapya waje siku moja. Huwa nawaketisha kwenye benchi moja, tunabadilisha nywila, tunaweka namba mpya ya kurejesha, tunaondoa simu za waliotoka, tunatazama ruhusa za kila faili nani bado anahariri. Mara nyingine hewa inakuwa nzito, hasa kama uchaguzi ulikuwa wa kuvutana. Kikundi kimoja cha wanawake wa Sahare waliona wasiliache jambo hilo kwenye hisani ya mtu, wakaliingiza kwenye katiba yao. Kifungu cha makabidhiano sasa kinataja vitu vinne: muhuri, funguo za kabati, kitabu cha benki, na bahasha ya nywila, ikiwa imefungwa.